Unaogopa tyubu ya mtoto, halafu mkorogo unapaka kila siku? Uzi wa dawa za kupaka zenye steroidi

Tabibu Kandambili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni tabibu wa ngozi. Kazi nimejifunzia Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwenye kile kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilichoanza mwaka 1992, na sasa niko hospitali moja ya mkoa. Uzi huu nauleta kwa sababu ya jambo ninalokutana nalo kliniki mara kwa mara, na linalonikera ni kwamba pande zake zote mbili zinatokea ndani ya nyumba ileile.

Mama anamleta mtoto wa miaka mitatu mwenye pumu ya ngozi, yaani ule ukurutu wa kudumu unaowasha. Kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi imeshakuwa nene na nyeusi, kucha zimechora mistari, usiku nyumba nzima hailali. Namuuliza anampaka nini. Anatoa kwenye mkoba tyubu ya haidrokotisoni (steroidi hafifu, dawa ya kuzima muwasho na uvimbe) aliyoandikiwa mwaka jana, imebonyezwa kidogo tu kwa juu. "Naogopa dokta, nimesikia ina steroidi, inaharibu ngozi." Halafu namtazama yeye. Mashavu yanang'aa na yamepiga wekundu, vishipa vyembamba vinahesabika, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Mkorogo huo, krimu ya kujichubua. Na kwenye mikorogo mingi mna klobetasoli, yaani steroidi ya daraja la juu kabisa katika dawa za kupaka. Anapaka asubuhi na jioni, miaka.

Mtoto ananyimwa dawa hafifu anayoihitaji, mama anajipaka dawa kali asiyoihitaji, na wote wawili wanaumia.

Msimamo wangu ni huu: ugonjwa wa ngozi wa kudumu unaweza kuutibu kwa steroidi ya kupaka miaka na miaka ngozi ikabaki nzima, na unaweza kuiharibu ngozi ndani ya miezi michache. Inategemea dawa ni kali kiasi gani, unaipaka wapi, na unaunganisha siku ngapi bila kupumzika.

Nianze na ukali, maana hapa namba zinawapoteza wengi. Haidrokotisoni huandikwa 1%. Klobetasoli huandikwa 0.05%. Mtu akifika dirishani anasema nipe hiyo ndogo, hiyo ya 0.05. Mkuu, hiyo ndogo ina nguvu mara mia kadhaa ya ile 1%. Asilimia inaeleza kiasi cha dawa kilichomo ndani ya tyubu. Haielezi dawa yenyewe ina makali gani. Cha kusoma ni jina.

Waingereza wanazipanga madaraja manne. Chini kabisa kuna haidrokotisoni. La pili klobetasoni, na msiichanganye na klobetasoli: majina ni kama ndugu lakini nguvu hazifanani hata kidogo. La tatu kuna betamethasoni ya 0.1% na mometasoni. La nne, klobetasoli. Kwenye boksi majina haya yako Kizungu, kwa hiyo klobetasoli itafute kwenye C. Tena ikiwa marhamu, yaani ile ya mafuta mazito, huwa inazama zaidi kuliko krimu ya jina hilohilo.

Mahali nako kuna mambo. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Feldmann na Maibach, walipima haidrokotisoni inapenya kiasi gani sehemu mbalimbali za mwili. Wakachukua kigasha cha mkono kuwa kipimo. Paji la uso likapitisha mara 6 ya kigasha, taya mara 13, korodani mara 42. Unyayo ukapitisha sehemu moja tu ya saba. Ndiyo maana mgonjwa wa ukurutu wa nyayo naweza kumwandikia klobetasoli kwa wiki kadhaa bila wasiwasi, na dawa hiyohiyo siwezi kuiruhusu iguse kope, kwapa wala kinena. Karibu na macho ikizoeleka inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Usoni ni daraja la kwanza, siku chache, basi. Zaidi ya hapo awe amesema daktari aliyekuona kwa macho yake.

Sasa kwa mwenye ugonjwa wa kudumu, hasa pumu ya ngozi. Ikiwaka, usiipapase. Paka dawa ya daraja linalotosha, mara moja kwa siku, kila siku, mpaka ngozi ilainike. Mara nyingi ni wiki moja hadi mbili. Kipimo chake ni mkono, siyo macho: fumba macho, pitisha vidole. Kama bado kuna ukavu wa msasa au unene, bado. Ikilainika na mtoto hajikuni tena, umemaliza, hata kama rangi haijarudi.

Hapo kwenye rangi naomba mnisikilize vizuri. Kwenye ngozi yetu nyeusi ugonjwa ukiondoka unaacha alama, nyeusi au nyeupe, na alama hiyo inachukua miezi kufutika. Kina mama wengi wanaona weusi umebaki wanaendelea kupaka wakidhani ugonjwa bado upo. Wengine wanaona weupe wanasema dawa imemchubua mtoto, wanaitupa. Wote wanapambana na alama wakati ugonjwa ulishaondoka. (Steroidi kali ikizidi inafifisha rangi kweli, sikatai, lakini huo weupe wa mabaka mara nyingi umeachwa na ugonjwa wenyewe.)

Baada ya hapo, kama ugonjwa una tabia ya kurudi palepale, ndipo tunaingia mpango wa wikiendi: siku mbili kwa wiki, Jumamosi na Jumapili kwa mfano, unapaka yale maeneo sugu tu hata kama yanaonekana mazima. Siku nyingine mafuta matupu. Mapitio makubwa ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, yalikuta mpango huu unapunguza kurudi kwa ugonjwa kutoka 58% hadi 25%. Mapitio hayohayo yalikusanya majaribio 22 yaliyoangalia ngozi kuwa nyembamba: waliopata ni 26 kati ya watu 2,266, na 16 kati yao walikuwa kwenye dawa za daraja la nne. Mengi ya majaribio hayo ni mafupi, tuseme ukweli. Lakini kuna jingine lililochapishwa 2015, watoto wachanga zaidi ya 2,400 wakafuatiliwa miaka 5. Nusu yao walipakwa steroidi hafifu na za kati kila ugonjwa ulipowaka, na ukuaji wao na kinga yao ya mwili havikuyumba.

Na mafuta kila siku, haina mjadala. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanatosha. Acheni kumsugua mtoto kwa dodoki na sabuni ya kufulia halafu mnaitafuta pumu ya ngozi imetoka wapi.

Karibuni maswali.

Mzee wa Kihonda

Siti ya mbele kabisa. Uzi wa maana huu.

Mkuu nina langu. Nilipata muwasho kiunoni, duka la dawa wakanipa ile krimu ya tatu kwa moja. Siku tatu shwari. Nikiacha inarudi na hasira. Nimeenda nayo hivyo, sasa imefika mapajani na makalioni, na ile duara niliyokuwa naiona mwanzo haipo tena, imekuwa kama ramani. Ni nini hiki?

Tabibu Kandambili

Mzee wangu, hizo tatu kwa moja ndani yake zina dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi, mara nyingi betamethasoni na wakati mwingine klobetasoli yenyewe. Uliyonayo inafanana sana na choa, yaani fangasi wa ngozi. Steroidi inazima muwasho na wekundu, kwa hiyo unaona umepona, kumbe imewalaza askari wa mwili na fangasi anatembea bila kuulizwa kitambulisho. Ile duara yenye ukingo uliovimba ndiyo inayotutambulisha choa. Ukingo ukishafutwa na steroidi hata daktari anaweza kupita bila kumjua.

Acha hiyo krimu. Wiki ya kwanza itawasha kuliko mwanzo, jiandae. Nenda wakakwangue magamba wayaangalie kwenye darubini, na uwaambie wazi ulichokuwa unapaka. Eneo kubwa hivyo huwa halitoki kwa krimu peke yake, utahitaji vidonge. Na usikawie: India krimu za aina hii zimetumika ovyo mpaka wana fangasi sugu asiyesikia tabinafini, dawa ya fangasi, na ameshasafiri nchi nyingi.

Bishoo wa Mbagala

Mnazunguka tu. Steroidi ni sumu. Mwanangu nilimpaka mafuta ya nazi na dawa ya mitishamba ya bibi mmoja, ndani ya siku nne ngozi kama ya malaika. Hospitali wanataka pesa.

Tabibu Kandambili

Mafuta ya nazi sina ugomvi nayo, endelea. Watoto wengi pia pumu ya ngozi inawaacha wakikua, kwa hiyo yawezekana amepona kweli.

Ila hiyo ya siku nne ndiyo inanipa mashaka. Mwaka 2003 madaktari wa Birmingham, Uingereza, walichukua krimu 24 "za mitishamba" ambazo wazazi walikuwa wanawapaka watoto wenye pumu ya ngozi, wakazipeleka maabara. Krimu 20 zilikuwa na steroidi. Kuna zilizokutwa na klobetasoli, mtoto mdogo anapakwa bila mzazi kujua. Dawa ya kienyeji isiyokuwa na jina, inayofuta ukurutu ndani ya siku chache na ukiiacha ukurutu unarudi kwa kishindo, mimi ningeuliza imechanganywa na nini.

Bishoo wa Mbagala

Bibi mwenyewe hasomi, hiyo klobetasoli ataitoa wapi?

Mfamasia wa Zamu

Atainunua kwangu, bishoo. Wanakuja wananunua tyubu kumi kumi. Ukiwauliza za nini, wanaenda duka la pili.

Nami niseme kidogo kwa upande wetu maana tunasukumiwa lawama zote. Mteja anakuja na tyubu tupu imekunjwa mpaka mwisho, anakwambia nipe kama hii. Ukimwambia hii ni ya kuandikiwa anakutukana na kwenda sokoni, na sokoni ipo, kwenye meza moja na hereni. Vipodozi vyenye steroidi, zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, kila mtu anajua, na kila mtu anajua vinapatikana wapi. Ila nakubali, ile tatu kwa moja wenzangu wengi wanaitoa kama peremende. Mteja analalamika kuwashwa, hatazamwi hata ngozi, anapewa.

Shangazi Kaja

Tabibu, shikamoo. Mjukuu ana miezi minane, nepi zimemchoma, kuna wekundu mpaka kwenye mikunjo. Mama yake kaelekezwa na jirani betamethasoni. Nimemzuia. Nimekosea?

Tabibu Kandambili

Marahaba shangazi, na umefanya sawasawa. Nepi imefunika, kuna joto na unyevu, na ngozi ya hapo ni laini. Dawa kali ikifungiwa humo inaingia mwilini moja kwa moja. Kuna watoto wamevimba uso na kuacha kukua vizuri kwa sababu ya krimu iliyokuwa inapakwa chini ya nepi, ni jambo linalofahamika vizuri katika tiba. Aachwe bila nepi saa kadhaa kwa siku, asafishwe kwa maji tu, apakwe marhamu ya zinki au mafuta ya mgando. Wekundu ukiwa umeingia ndani ya mikunjo na kuna vipele vidogo pembeni, mara nyingi ni fangasi, apate dawa ya fangasi isiyo na steroidi. Asipopoa kwa siku tatu nne apelekwe kituo cha afya.

Binti wa Mikocheni

Nimeingia kimyakimya lakini naona nitajwe tu. Natumia mkorogo, uso, shingo na mikono, ni miaka sasa. Nimejaribu kuacha, uso unawaka moto, unavimba, unatoa vipele, nakuwa mweusi tititi. Nikirudia unatulia ndani ya siku mbili. Na mwaka huu tunatafuta mtoto. Tafadhali bila kunisimanga.

Mzee wa Kihonda

Hakuna wa kukusimanga hapa binti, wengine tuna ramani ya Afrika makalioni.

Tabibu Kandambili

😂 Mzee wewe.

Dada, asante kwa kujitokeza. Twende kwa hesabu kwanza. Bonyeza krimu kutoka pingili ya mwisho ya kidole cha shahada hadi ncha. Huo mstari ni kama nusu gramu, ndicho kipimo tunachotumia. Uso na shingo ya mtu mzima vinataka ncha mbili na nusu. Mkono mmoja ncha tatu, ukiongeza kiganja ni nne. Uso, shingo na mikono miwili bila viganja, hapo ni ncha nane na nusu, zaidi ya gramu 4 kwa mpako mmoja. Kama ndani ni klobetasoli tupu, gramu 2 tu kwa siku zinatosha kwa baadhi ya watu kuzifanya tezi zilizo juu ya figo zipunguze kutengeneza kotisoli yao, yaani steroidi ya asili ya mwili. Mwili unaona umeshapewa kutoka nje, unalala. Mkorogo umechanganywa, hatujui kiasi kilichomo, lakini miaka ni mingi.

Kwa hiyo usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Hatari siyo uso tu. Ukiugua malaria au ukafanyiwa upasuaji huku tezi zimelala, presha inaweza kushuka vibaya. Ukiona kizunguzungu ukisimama, kutapika, kuishiwa nguvu kusikoelezeka, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo na useme unatumia nini. Nenda kwa daktari wa ngozi, beba chupa yenyewe, omba kipimo cha kotisoli cha asubuhi. Wapime na sukari na presha. Halafu mtapanga kushuka: dawa hafifu kidogo, kisha kuruka siku, kisha kuacha.

Kuwaka moto huko kunajulikana, ni ngozi kudai dawa iliyoizoea. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari juu yake mwaka 2021. Kunaweza kuchukua wiki, kwa wengine miezi. Mafuta ya mgando, maji ya baridi, jua kwa kofia na mtandio. Usichubue, usisugue, usipake limao. Ule weusi wa mwanzo unatisha kuliko utakavyobaki, ila sikuahidi utatoka wote.

Kuhusu mimba: steroidi hafifu na za kati kwa mjamzito mwenye ugonjwa wa ngozi hazina shida. Zile kali kwa wingi ndizo zenye shida. Utafiti wa Dakar, Senegal, uliotoka 2007 ulikuta wajawazito waliokuwa wanajichubua kwa steroidi kali sana wana kotisoli ya chini na watoto wao walizaliwa na uzito mdogo zaidi. Anza mapema kabla hujashika.

Binti wa Mikocheni

Nimekuelewa. Nakuja PM kuuliza kliniki ipi.

Mama Mapacha

Tabibu, mimi ni yule mama wa mwanzo kabisa wa kwenye uzi wako, ila bila mkorogo. Kulwa ana pumu ya ngozi, miaka minne, Doto hana kabisa. Aliandikiwa mometasoni ya viwiko na nyuma ya magoti, tyubu ya gramu 15. Naogopa, nagusisha tu kidogo kwa pamba pale panapowasha. Tyubu ni ya tangu Pasaka na bado ipo. Ina maana natumia vizuri au vibaya?

Tabibu Kandambili

Mama Mapacha, hongera kwa malezi. Tyubu ya gramu 15 ni ncha 30 za kidole chako wewe, siyo cha Kulwa. Ncha moja inatosha eneo la viganja vyako viwili pamoja na vidole. Mikunjo yake minne tuseme ncha mbili kwa siku. Siku 10 za kuzima moto, gramu 10 zimekwenda. Ukiingia wikiendi ni gramu 2 kwa wiki. Hesabu inaishia ndani ya mwezi mmoja.

Ikiwa ni ya Pasaka na bado inabonyezeka, Kulwa hajapata dawa. Amekuwa akionjeshwa, moto unapungua kidogo, unawaka tena, na ngozi inazidi kuwa nene. Tupa pamba, inakunywa dawa, tumia kidole. Paka baada ya kuoga, sambaza mpaka isionekane, subiri kama nusu saa ndiyo uweke mafuta ya mgando. Mpigie picha mikunjo leo, halafu mrudishe kwa aliyemwandikia baada ya wiki mbili ukiwa nazo. Na angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye mkunjo wa tyubu, tangu Pasaka inaweza kuwa imepita.

Mama Mapacha

Imeandikwa mwezi ujao. Naanza usiku huu.